Siku moja nyuma ya njia namba 17

Saa 11:20 alfajiri
Kengele ya simu inanikuta niko macho. Februari hii, huku Antholz, kuvaa peke yake ni kibarua: fulana ya ndani, sweta, koti la sare, soksi jozi mbili, glovu nyembamba ndani ya glovu nene. Mwisho kabisa nachomeka penseli tatu mfukoni. Siku ya kwanza ya mazoezi nilikuja na kalamu yangu nzuri ya wino. Haikuchukua muda wino ukaganda, nikabaki nachora mikwaruzo mitupu kwenye fomu. Mzee wa njia ya 16, jirani yangu kwenye uwanja wa kulenga shabaha, hakusema kitu. Alinisogezea penseli tu, akaendelea kutazama mbele.

Saa 1 asubuhi
Basi linapanda na bonde. Michezo hii ya Olimpiki ya 2026 inabeba majina ya Milano na Cortina, lakini biathloni, mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa ski na fimbo na kukatiza njiani kulenga shabaha kwa bunduki, imeletwa kona hii ya kaskazini mwa Italia, jirani na mpaka wa Austria, kwa sababu huku ni nyumbani kwake. Mashindano ya dunia yalifanyika hapa hapa mwaka 2020. Uwanja uko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, na hilo si jambo dogo: hewa ni nyepesi, na mtu aliyefika mbio anachelewa kupata pumzi. Katika mchezo huu, pumzi ndiyo kila kitu.

Saa 3 asubuhi
Kutandika mikeka, kufagia theluji, kukagua vibendera vya upepo. Njia ziko 30, mimi na wenzangu tumegawana. Kazi yangu inaelezeka kwa sentensi moja: nakaa nyuma ya mpigaji na kuandika kila risasi, imepata au imekosa. Mashine nayo inahesabu, na ndiyo inayoaminiwa, ila mashine ikigoma karatasi yangu ndiyo shahidi.

Leo ni mbio za mtu mmoja mmoja kwa wanaume, kilomita 20. Wanakatiza mbio kulenga mara nne, risasi tano kila mara: kwanza wamelala, kisha wima, kisha wamelala tena, kisha wima tena. Kwenye mbio nyingi za biathloni ukikosa unakwenda kuzunguka kitanzi cha adhabu cha mita 150. Leo hapana. Leo kila risasi iliyopotea ni dakika nzima inayoongezwa kwenye muda wako. Wenzetu wa kitanzi wamepewa shughuli ndogondogo, na wanapita mbele yetu kwa mwendo wa watu walio likizo.

Mimi hizi ndizo mbio ninazozipenda kuliko zote, ingawa watazamaji wengi huziona ndefu. Ndizo kongwe. Mwaka 1960, kule Squaw Valley, Marekani, biathloni ilipoingia Olimpiki mara ya kwanza, Klas Lestander wa Uswidi hakuwa miongoni mwa wenye kasi; kwa muda wa kuteleza tu alikuwa wa 15. Lakini alipiga 20 kati ya 20, na dhahabu akaichukua yeye. (Wanawake walingoja hadi 1992 ndipo wakaruhusiwa kushindana Olimpiki. Miaka 32! Sijawahi kusikia sababu ya maana.)

Saa 6:30 mchana
Kurekebisha bunduki. Tunabandika shabaha za karatasi, makocha wanajipanga nyuma na darubini zao, na uwanja unakuwa kama soko: kliki mbili kulia, moja chini, subiri, upepo umegeuka. Mwanamichezo anazungusha kitufe kidogo cha kurekebisha kilengeo, anapiga tena, anatazama nyuma kwa kocha. Wakati huohuo wengine wanapimiwa bunduki: isipungue kilo 3.5, na kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 500.

Saa 7:30 mchana
Wa kwanza anaondoka. Kisha kila sekunde 30 anaachiwa mwingine, na wako karibu 90. Sisi tunatulia. Dakika kama kumi hivi, hakuna cha kuandika.

Halafu wanaingia. Kwenye televisheni hamuoni anayoyaona mtu aliye hatua chache nyuma yao. Mgongo unapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Mate yameganda kidevuni. Anatupa fimbo, anajilaza, anashusha bunduki kutoka mgongoni, na mtutu unacheza kwa mapigo ya moyo wake. Mbele, umbali wa mita 50, kuna duara tano nyeusi za milimita 45, upana wa yai la kuku. Wakisimama wima duara inakuwa milimita 115, karibu sawa na CD, lakini mwili wote unayumba. Ikipata, duara inageuka nyeupe na jukwaa linapiga ukelele. Tano zikipata ni kelele tano, kama watu wanahesabu pamoja.

Saa 8:40 mchana
Hapa ndipo nilipoharibu. Mmoja aliingia njia yangu kwa kulenga kwa mwisho, wima. Nne za kwanza alizipiga harakaharaka, zote nyeupe. Ya tano ikamkatalia. Akashusha bunduki, akavuta pumzi, akainua tena. Nikajikuta namtazama yeye, kidole chake, namna ncha ya glovu ilivyogusa chuma ikarudi. Bila kujijua na mimi nikabana pumzi. Risasi ikalia, jukwaa likaguna, naye tayari anavaa fimbo anaondoka. Nilipoinua macho, shabaha zote zilikuwa zimerudishwa nyeusi.

Ningeweza kubahatisha kutokana na lile guno. Niliacha kisanduku wazi, nikanyoosha mkono. Msimamizi akaja, akaulinganisha ukurasa wangu na mashine, akaandika yeye mwenyewe: imekosa. Hakunigombeza. Alisema kwa sauti ya chini tu, "Macho kwenye shabaha." Kwa siku yote iliyobaki sikumtazama mtu usoni.

Saa 10 jioni
Kwenye mstari wa kumalizia kila bunduki inakaguliwa chemba, pale risasi inapokaa, kabla mwenyewe hajaondoka nayo. Huku kwetu tunafagia maganda. Hesabu rahisi: karibu watu 90 mara risasi 20, ni kama maganda 1,800 ya shaba, yamezama kwenye theluji iliyokanyagwa na kugeuka barafu. Mengine unayachokoa kwa kidole.

Saa 2 usiku
Miguu bado haijarudiwa na joto. Kesho ni wanawake, kilomita 15. Mzee wa njia ya 16 amenipitia mlangoni na kisu kidogo, tumekaa tunachonga penseli. Ameniuliza kama yule wa saa 8:40 alipata. Nimemwambia alikosa. Akatikisa kichwa, akasema hata yeye alikuwa anamtazama.