Risala ya wakulima

Jana alasiri wakulima walitusomea risala ya shukrani, sisi wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji. Kila mmoja alipewa ndoo ya ufuta, nasi wanawake watatu tukaongezewa kitenge. Nilitokwa na machozi. Msimu uliopita mashamba yaliliwa na ng'ombe, mapanga yakatolewa. Mwaka huu tumevuna kwa salama.

Usiku usingizi ulikata. Nilimkumbuka George Augustus Robinson, fundi ujenzi kutoka London aliyehamia Tasmania, kisiwa cha kusini mwa Australia, mwaka 1824. Walowezi na wenyeji walikuwa wakiuana kwa ajili ya ardhi, na Serikali ya kikoloni ikamtuma akazungumze na wenyeji. Alitembea porini miaka kadhaa, akiongozwa na wenyeji wenyewe, akiwemo mwanamke kijana aitwaye Truganini. Januari 1832 aliingia Hobart na watu 26 waliokubali kuweka silaha chini. Mji ulimshangilia. Akapewa fedha, akapewa na ardhi.

Wale 26 walipelekwa kisiwa cha Flinders, na wenzao wengine wakafuata. Maradhi yaliwamaliza huko. Mwaka 1847, waliporudishwa kisiwa kikubwa, walikuwa wamebaki 47. Truganini aliomba asije akakatwakatwa akishakufa. Alifariki 1876, na mifupa yake ikaja kuwekwa makumbusho watu waitazame. Hapo ndipo huwa nashindwa kuendelea kusoma. Sisi wa Lindi tunajua mifupa kusafirishwa, lakini ile yetu ya Tendaguru ni ya mijusi wakubwa wa kale. Huyu alikuwa mtu, na alisema hataki.

Sisi hatukumpeleka mtu kisiwani. Ila jana uwanjani hakukuwa na mfugaji hata mmoja. Walikubali kuhamisha maboma kwa sababu tuliwaahidi lambo la kunyweshea mifugo, na mimi ndiye niliyelitamka neno hilo, mbele ya mzee wao aliyenishika mkono akaniita mama. Ni mwezi wa nne sasa tangu siku ile. Katika risala lambo halikutajwa, nami nilipopewa nafasi ya kusema nilishukuru tu nikakaa.

Ndoo ya ufuta bado iko mlangoni, sijaifungua. Nimeongea na kijana wa bodaboda. Kesho baada ya swala ya alfajiri ananipeleka kwenye maboma mapya. Nikirudi naanzia kwa mwenyekiti, kabla sijafika nyumbani.