Nilivyokuza seli zinazofua dawa

Mama mdogo alinipigia kutoka Tanga nikiwa bado maabara. Hata shikamoo yangu hakuisubiri imalizike. "Wewe si unasoma mambo ya saratani? Ile dawa nyekundu ilinishusha uvimbe wa titi vizuri, sasa imegoma. Majirani wanasema mwili umeizoea. Nimekosea wapi?"

Nilikuwa Ujerumani mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, na kazi niliyopewa ndiyo hiyo: kuchukua seli za saratani ya matiti zinazouawa na doksorubisini, ile dawa nyekundu inayogeuza mpaka mkojo, na kuzifanya ziwe sugu. Nikamwambia anipe muda.

Seli zenyewe zinaitwa MCF-7. Asili yake ni maji yaliyotolewa kifuani kwa mtawa mmoja Mmarekani aliyekuwa na saratani ya matiti, na herufi hizo ni za Michigan Cancer Foundation ya Detroit. Zilitangazwa mwaka 1973 na mpaka leo zinaishi kwenye chupa duniani kote, kwenye joto la nyuzi 37, zikibadilishiwa chakula kila baada ya siku mbili tatu.

Nilianza kwa pupa. Niliweka dawa nyingi na zote zikafa, chupa ikabaki na takataka zinazoelea. Mara ya pili nikaanza na nanomola 10, kiasi kidogo sana. Nyingi zikafa, chache zikang'ang'ania sakafuni mwa chupa, zimevimba, wiki tatu bila kuzaliana. Nilikaribia kuzitupa. Asubuhi moja nikaona kishungi kidogo kimeota pembeni. Zikijaa chupa napandisha dozi, zinakufa tena, nasubiri tena. Mwezi wa nne ukungu ukaingia, nikapoteza kila kitu kwa sababu sikuwa nimegandisha akiba. Tangu hapo, kila nikipandisha dozi natanguliza vichupa viwili kwenye mtungi wa nitrojeni.

Ilinichukua karibu mwaka. Kisha ikaja siku ya hadubini. Doksorubisini ina mwanga wake yenyewe: ukiimulika inawaka nyekundu, huhitaji kuipaka rangi. Kwenye seli za kawaida kiini kiliwaka kama kaa la moto. Kwenye zangu, giza. Dawa ilikuwa ileile na dakika zilezile, ila ndani haikukaa.

Kinachofanya hivyo ni protini ya kwenye utando wa seli, glikoprotini-P, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976. Ni pampu. Dawa ikipenya, inatupwa nje, kama baharia anayefua maji ngarawani: maji yanaingia, lakini chombo hakizami. Na haichagui sana. Nilipojaribu paklitakseli, dawa ambayo seli zangu hazijawahi kuionja, nayo iliishia nje. Nikarudi kwenye doksorubisini, nikaongeza verapamili, dawa ya presha inayoziba pampu hiyo, na viini vikawaka tena.

Nikampigia mama mdogo. "Mwili wako haujazoea chochote. Ndani ya uvimbe seli hazifanani. Dawa iliua zile laini, zikabaki zenye kufua maji, nazo ndizo zilizozaa. Wewe hukukosea."

Alinyamaza, kisha akauliza kama mtu wa Tanga kweli: "Basi si wanipe hiyo verapamili, mbona baba yako anaimeza?" Nilicheka, ila ni swali lililowashughulisha watafiti miaka mingi. Kiasi cha kuziba pampu ya uvimbe kinaudhuru moyo, na dawa zilizotengenezwa baadaye kwa kazi hiyo hazikuleta matunda yaliyotarajiwa. Tena pampu ni njia moja tu. Kuna seli zinazopunguza kimeng'enya ambacho doksorubisini hukishambulia, zinazokarabati DNA haraka, au zinazopokea amri ya kufa zikaipuuza. Saratani ya mtu haina utaratibu wa chupa yangu, niliyoilisha sumu kwa ngazi mpaka ikawa na ukaidi wa aina moja.

Hilo lilinisaidia siku aliponiambia daktari amembadilishia dawa, na jina alilonisomea kwenye karatasi lilikuwa paklitakseli. Sikumwambia seli zangu zilifanya nini na dawa hiyo. Baada ya mizunguko mitatu alipimwa tena, akanitumia ujumbe wa sauti: uvimbe umepungua, nywele zimeisha, na anataka nimletee kilemba cha hariri.