Watu wa moto wasio na jiko

Wiki tatu nahangaika na vijiji vya ulimwengu wangu wa kubuni. Cha maji kilikuja chenyewe, maana nimekulia Jinja, kando ya Ziwa Victoria nchini Uganda: wavuvi wa mukene (dagaa) hutoka usiku na taa za kuvuta samaki, na mwanga wa mwezi huzifanya taa zisivute vizuri, kwa hiyo kwa watu wangu mbalamwezi ni msiba, hakuna harusi wala ngoma. Cha moto ndicho kilinitesa. Kila nikiandika, wote wanakuwa wahunzi wenye hasira (sijui kwa nini moto lazima ugombane). Ndipo nikakumbuka chemchemi za maji ya moto za Sempaya, Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, tulikochemshia mayai. Sasa hawawashi jiko kabisa. Bibi anafunga ndizi kwa jani, anazitumbukiza kwenye chemchemi, anasimulia hadithi mpaka ziive. Mgeni mwenye kiberiti anapokonywa mlangoni. Cha upepo bado hakina hata jina.