Usiku wa Lester Patrick Langoni

Majira yangu ya kwanza ya baridi Montreal, nilipokuwa mwanafunzi kutoka Tanga, mzee mmoja niliyefanya naye kazi maktabani alinipeleka kwenye jengo la Forum, pale barabara ya Sainte-Catherine inapokutana na Atwater. Hoki ya barafuni ilikoma humo mwaka 1996, na siku hizi kuna sinema, lakini mzee alisimama mlangoni akanisimulia mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Stanley, kombe kuu la hoki hiyo, uliochezwa tarehe 7 Aprili 1928.

Lester Patrick, kocha wa New York Rangers, alikuwa na miaka 44. Katika ujana wake alikuwa beki hodari, ambaye mji mdogo wa Renfrew ulimlipa dola 3,000 kwa msimu mmoja, fedha nyingi mno kwa zama zile. Kisha mwaka 1911 yeye na mdogo wake Frank walianzisha ligi ya pwani ya Pasifiki, iliyomruhusu kipa kujiangusha kwenye barafu ili azuie kisahani kigumu kinachotumika badala ya mpira. Usiku ule kipa wake, Lorne Chabot, alipigwa jichoni katika kipindi cha pili, na wakati huo timu zilisafiri na kipa mmoja tu. Alec Connell, kipa stadi wa Ottawa, alikuwa jukwaani akitazama, lakini Eddie Gerard, kocha wa wapinzani wao, Montreal Maroons, alikataa asiazimwe. Ndipo Patrick mwenyewe akavaa vifaa vya Chabot na kuingia langoni. Alifungwa bao moja tu, na Frank Boucher akaipatia Rangers ushindi wa 2–1 katika muda wa nyongeza.

Mzee, shabiki wa timu za Montreal tangu utotoni, alimtetea Gerard kwamba kanuni zilimpa haki ya kukataa. Hata hivyo ni yeye mwenyewe aliyenieleza kwamba mwaka 1922 Gerard, akiwa mchezaji wa Ottawa, aliazimwa na Toronto katikati ya fainali kwa ridhaa ya wapinzani wao, Vancouver, timu ya Frank Patrick. Nilimwambia, na hadi leo naamini hivyo, kwamba mtu aliyetendewa hisani hiyo na familia ya Patrick alipaswa kuirudisha. Tulibishana hadi kituo cha treni, yeye akishikilia kanuni, mimi nikishikilia deni.

Rangers walitwaa kombe wiki iliyofuata, na Patrick akaendelea kuwafundisha hadi 1939.