Soksi za Leningrad katika meza ya Ngamiani

Kwa Kirusi hadithi fupi huitwa rasskaz, na kila ninapokutana na neno hilo akili hunikimbilia Raskazone yetu ya hapa Tanga, ingawa majina hayo hayana udugu wowote. Mwezi huu nimemrudia mwandishi wa Kirusi Sergei Dovlatov, aliyeihama Leningrad (leo St. Petersburg) mwaka 1978 na sanduku moja tu ilhali aliruhusiwa matatu, akafia New York mwaka 1990. Katika Chemodan, yaani Sanduku, kitabu kilichotoka mwaka 1986, anatoa nguo moja baada ya nyingine, na kila nguo inatoka na kisa chake.

Kilichonishika ni kisa cha soksi. Mwanafunzi mwenye madeni anaingia ubia na walanguzi, wananunua kwa jumla soksi za Kifini za rangi ya njegere, lakini kabla hawajaziuza kiwanda cha Kisovieti kinamwaga madukani soksi za aina ile ile kwa bei ya chee. Nilimsomea shemeji yangu mwenye meza ya mitumba Ngamiani, nikimfasiria papo kwa papo, naye hakungoja nifike mwisho. "Hapo mzigo umeshadoda, shemeji," alisema. Leningrad iko wapi hakuuliza.

Kwa upande wa Marekani namweka mwandishi wa hadithi fupi Raymond Carver karibu naye, japo Dovlatov huchekesha na Carver ni mkavu. Katika hadithi yake ya mwaka 1987 kuhusu kifo cha mwandishi wa Kirusi Chekhov, kilichotokea Badenweiler, Ujerumani, mwaka 1904, mjane anamwagiza kijana wa hoteli akamtafute mtu wa mazishi, naye kijana, huku akisikiliza, anakiwaza kizibo cha shampeni kilichoanguka sakafuni, mpaka mwishowe anainama kukiokota. Carver haelezi kizibo kina maana gani. Mimi ningeeleza, hadithi zangu mbili za zamani zina aya nzima za mafunzo ambazo leo naona aibu kuzisoma.

Siku ya pili shemeji aliuliza soksi ziliishia wapi. Nikamsomea: mwenyewe alizivaa miaka 20, akawagawia rafiki zake, akafutia vumbi, akazibia nyufa za madirisha, na bado zikabaki. Shemeji alicheka mpaka akaketi juu ya robota, kisha akaendelea kukunjua mashati.