Leo naomba radhi kwa fisi

Jamani, miaka yote nimemjua fisi kama mroho asiye na haya, mla mizoga anayesubiri simba ashibe ndipo akombe mabaki. Hadithi zilinilea hivyo. Jana usiku mpwa wangu wa miaka tisa kaniketisha mbele ya filamu ya wanyama, nikabaki mdomo wazi.

Kumbe fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake! Humkimbiza nyumbu kilomita kadhaa mpaka pumzi zimwishie. Na mara nyingi ni simba anayekuja baadaye kupora. Mfalme mzima, mnyang'anyi tu.

Halafu utawala. Majike ndio wakubwa, kwa umbo na kwa cheo. Mtoto hurithi nafasi ya mama yake, kwa hiyo kitoto cha malkia kinaweza kumfukuza dume zima kwenye nyama, na dume likafyata mkia likaondoka. Mpwa wangu alicheka hadi akapaliwa.

Hata kinyesi chake kina habari (samahani kama unakula): kikikauka huwa cheupe, maana mifupa yote anaitafuna na kuimeng'enya.

Twiga walipita mwishoni, shingo yote ile pingili 7 tu, sawa na yangu na yako. Lakini mimi akili ilibaki kwa fisi. Kile kicheko chake si furaha hata kidogo. Mara nyingi hukitoa akibanwa au akifukuzwa na wenzake kwenye nyama. Nami nilidhani anatucheka sisi.