Jiko la umeme la kaunta: anza na breka, kioo baadaye

Wengi wanaotafuta jiko la umeme la kuzamisha kwenye kaunta huanza na sura yake: kioo cheusi au cheupe, vitufe vya kugusa au swichi za kuzungusha. Sura iwe ya mwisho. Uamuzi hufanywa na nyaya zilizomo ukutani na sufuria zilizomo kabatini, na vyote viwili unaweza kuvikagua kabla hujaenda dukani.

Tuanze na umeme. Jiko la upana wa sentimita 60 lenye maduara manne kwa kawaida hula kilowati 6 hadi 7.4 yakiwashwa yote. Gawanya wati kwa volti upate ampea: 7,200 kwa 230 ni kama 31. Mzigo huo unahitaji laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, mara nyingi kebo ya milimita 6 za mraba yenye breka ya ampea 32, pamoja na swichi ya kuzimia iliyowekwa kando, mahali ambapo mkono hautapita juu ya sufuria inayochemka. Kebo ikiwa ndefu, au ikipita ndani ya ukuta wenye sufi ya kuzuia joto, fundi umeme anaweza kudai kebo nene zaidi. Usibishane naye.

Kosa linalounguza nyumba ni kuchukua umeme wa jiko kwenye nyaya za soketi za jikoni. Watu hudhani breka itaruka na mambo yataishia hapo. Mzigo ukizidi kidogo tu, breka inaweza kukaa muda mrefu bila kuruka, na wakati huo kiungio kilicholegea kinazidi kupata moto hadi plastiki inaanza kuyeyuka.

Laini yako ikiwa ndogo, bado kuna njia. Yapo majiko ya maduara mawili yasiyozidi kilowati 3, na baadhi ya majiko ya indaksheni (yanayopasha moto sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku) yana mpangilio wa kikomo cha nguvu: fundi analifunga jiko zima lisivuke, tuseme, kilowati 2.8 au 3.5. Hapo utachemsha kwa nguvu upande mmoja na kupika polepole upande mwingine, basi. Kwa familia ndogo inatosha. Soma kijitabu kabla ya kulipa, maana si kila jiko lina mpangilio huo.

Penye umeme wa fezi tatu, majiko mengi huruhusu kutumia fezi mbili, kila moja ikibeba nusu ya mzigo. Chini ya jiko kuna mchoro na vibanzi vidogo vya kuunganishia. Kibanzi kikikaa pasipo pake, volti 400 zinaweza kuingia kwenye saketi ya volti 230, na saketi ikiungua kwa namna hiyo usitegemee dhamana.

Sasa sufuria. Chukua sumaku, ibandike chini ya kila sufuria na kikaango. Iking'ang'ania, chombo hicho kitafanya kazi kwenye indaksheni. Ikidondoka, hakitafanya. Alumini tupu, shaba na vyungu vya udongo havifai, na chombo chenye tako lililobinuka, lisilo bapa, hakifai kwenye kioo cha aina yoyote. Pima pia kipenyo cha tako: mengi ya majiko haya hayaitambui sufuria ya chini ya sentimita 12 au hivi ikiwekwa kwenye duara kubwa. Zile sahani za chuma zinazouzwa ziwekwe kati ya kioo na sufuria ya alumini mimi sizipendekezi. Joto linakwama kwenye sahani, upishi unakuwa wa polepole, na kioo kinapata moto kuliko kilivyokusudiwa. Kama kabati lako limejaa alumini, jumlisha bei ya sufuria mpya kwenye bei ya indaksheni kabla ya kulinganisha.

Kwa mwendo, indaksheni haina mpinzani. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kiasi cha uniti 0.093 za umeme ndani ya maji yenyewe. Duara la kilowati 2 linalofikisha takribani asilimia 85 ya nguvu kwenye sufuria litamaliza kazi kwa dakika tatu na ushei. Lakini uliza maduara yanavyogawana nguvu. Mara nyingi mawili ya upande mmoja hutumia chanzo kimoja cha kilowati 3.6 au 3.7, ukibonyeza nguvu ya ziada kwenye moja, la pili linapungua.

Jiko la kioo la kawaida, lenye waya unaong'aa mwekundu chini, hupokea sufuria yoyote yenye tako bapa. Duara lake likizima na kuwaka lenyewe hata kwenye namba ya juu kabisa, usikimbilie fundi: ndani kuna kinga ya kukilinda kioo kisipate joto kupita kiasi. Aina ya tatu ni jiko la pleti za chuma. Pleti hizo ni nafuu, nzito na rahisi kubadilisha moja moja, ila huchelewa kupata moto na huchelewa zaidi kupoa. Zifute maji baada ya kuosha, la sivyo zitashika kutu.

Umeme unaoyumba una hesabu yake. Nguvu ya pleti hushuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo 230 zikishuka hadi 200, pleti ya wati 2,000 inabaki na kama 1,500. Inapika, polepole tu. Indaksheni ina elektroniki nyeti, na kwake hatari kubwa ni mruko wa volti, yaani volti kupanda ghafla. Weka kinga ya mruko kwenye boksi la breka.

Vitufe vya kugusa huchanganyikiwa na vidole vyenye maji, na chakula kikifurika juu yake jiko hujizima. Kwa mpishi mwenye mikono iliyolowa kila wakati, swichi za kuzungusha ni bora zaidi.

Tundu la kaunta kwa jiko la sentimita 60 huwa karibu milimita 560 kwa 490, lakini lisikatwe kwa kukisia. Jiko liwe limefika na vipimo vyake viwe mkononi. Kona za tundu kwenye jiwe ziviringwe, kwa kuwa kona kali ndipo ufa huanzia. Kwenye ubao, paka vanishi kingo zilizokatwa ili mvuke usizivimbishe. Chini ya indaksheni acha nafasi ya hewa kama kijitabu kinavyosema, la sivyo feni itavuta hewa ya moto na jiko litajizima katikati ya mapishi. Ukingo wa kioo uketi juu ya utepe wa sponji uliokuja nao. Usiugandishe kwa silikoni, kwani siku ya matengenezo kioo kinaweza kuvunjika wakati wa kukibandua.